Jioni Niliposema Sina Upande

Nilipoviona vile vibuyu nilijua uongo wangu umenitangulia kufika. Vilikuwa vitatu, vimepambwa kwa shanga, vimeshikwa na akina mama waliovaa leso za kufanana. Nyuma yao ilisimama kwaya nzima ya kanisa letu, na nyuma ya kwaya walikuwa majirani wa Kapseret na pikipiki zao zilizofungwa matawi mbele. Hapa Eldoret hakuna asiyejua maana ya mkutano wa namna hiyo kwenye kiwanja cha ndege. Mkimbiaji akirudi na ushindi kutoka ng'ambo, anavishwa shingoni shada la sinendet, ule mmea wa kutambaa, na ananyweshwa mursik, maziwa yaliyolala siku kadhaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalum. Ndiyo heshima yetu. Hata watoto wa chekechea wanaicheza kwa vikombe vya plastiki.

Shida ni kwamba mwanangu hakuwa anatoka mashindanoni. Alikuwa anatoka vitani. Na mimi, mwalimu mzima, mzee wa kanisa, ndiye niliyewaambia watu wote hao kwa miezi saba kwamba yuko mbioni Ulaya.

Yawa! Nilitamani ardhi inimeze pale pale, na gari tulilokuja nalo pia.

"Nani amewaita hawa?" nilimwuliza mume wangu.

"Mimi nilimwambia dada yangu tu kwamba kijana anarudi Alhamisi," akasema. "Hayo mengine ni yake."

Dada yake, yaani wifi yangu, anaishi Chepsaita, na ukimwambia jambo moja anafanya kumi. Alikuwa amesimama mbele kabisa na kibuyu kikubwa kuliko vyote, amekikumbatia kifuani, anatabasamu mpaka ufizi. Aliponiona alipiga kigelegele. Nilishika mlango wa gari.

Inabidi nirudi nyuma kidogo, ili ijulikane mtu mwenye akili zake aliingiaje kwenye fedheha kama hii.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa ziwa. Nilikuja huku kufundisha historia nikiwa msichana, nikaolewa hapa Kapseret na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu wa maneno machache sana. Mtoto wetu wa pili ni mkimbiaji, lakini si wale mnaowaona kwenye televisheni wakikata utepe. Kazi yake ilikuwa kuwavuta wenzake. Kwenye mbio ndefu kuna mtu anayekimbia mbele kwa kasi iliyopangwa, awakatie wengine upepo, kisha mbio zikikolea anatoka pembeni na wenyewe wanaendelea. Pale kwenye kampi ya Kaptagat humwita pesimeka. Ni kazi ya heshima, ila kwa miaka sita mwanangu alikimbia mbio nyingi na hakuna hata moja aliyoimaliza.

Wifi yangu alikuwa hampi nafasi. "Na hii umemaliza?" angemwuliza kila akirudi.

"Hii nimeachia njiani, Senge." Senge ndiyo shangazi, dada wa baba, kwa lugha ya huku.

"Haiya! Hata kwa harusi yako utatoka kabla ya keki?"

Tulicheka. Yeye pia alicheka, lakini mimi mama yake nilikuwa naona kicheko chake kilivyokuwa kinapungua mwaka hadi mwaka. Alikuwa anaelekea miaka thelathini, goti limeanza kumsumbua, na makocha walikuwa wameanza kuchagua vijana wengine wa kuvuta.

Ndipo akakutana na ajenti mjini. Ajenti alikuwa na koti zuri na karatasi zenye mihuri. Kazi ilikuwa kuendesha malori katika nchi moja ya baridi kali, nchi ambayo kila mtu mwenye redio alijua iko vitani na jirani yake. Mwanangu alituambia mezani, tukila ugali na mboga.

Mume wangu aliweka tonge chini. "Nchi yenye vita haitafuti madereva Kapseret kwa sababu ya upendo," akasema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

"Baba, vita iko mbali na huko naenda. Mimi ni wa lori tu. Na Kenya haipigani na mtu. Sisi hatuko upande wowote."

"Wao wanajua hauko upande wowote?"

Walibishana. Sijawahi kumsikia mume wangu akitoa sauti vile. Hatimaye akanigeukia. "Mwalimu, sema kitu." Huniita Mwalimu hata nyumbani.

Nami nilifanya nini? Nilikunywa chai yangu. Nikasema, "Mimi hapa sina upande. Nyinyi wote ni watu wazima." Nilijiona mwerevu ajabu. Nilifikiri nikimpinga kijana atanikasirikia, na nikimpinga mzee atanuna wiki mbili, kwa hivyo nikakaa katikati nikijisifu moyoni. Mume wangu alisukuma sahani akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Kijana alinitazama kidogo, kama anayengoja, halafu akainuka akanawa mikono. Baada ya siku tisa alipanda ndege.

Simu ilikuja nikiwa shuleni, saa nne, kipindi nisicho na somo. Namba ilikuwa ndefu na sauti ilikuwa ya kunong'ona. "Mama, si malori. Wametupeleka kambi, wametupa bunduki. Pasipoti wamechukua. Usimwambie Baba." Ikakatika. Niliita "Haloo, haloo" mpaka mwalimu wa hesabu akainua kichwa kutoka kwenye vitabu vyake.

Kengele ikalia nikaingia Fomu Foo, yaani kidato cha nne, kwa sababu ndivyo miguu ya mwalimu ilivyozoea. Na somo la siku hiyo lilikuwa lipi? Vita Vikuu vya Kwanza. Jinsi Marekani ilivyokaa kando, ikisema hii si vita yetu, hadi ikajikuta ndani. Nimefundisha sura hiyo miaka mingi kiasi kwamba naweza kuifundisha nikiwa usingizini. Biashara na upande mmoja kuliko mwingine. Mikopo. Meli zilizozamishwa. Barua iliyonaswa. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu jambo moja kwa ukali: msiniandikie siku ya tangazo kama ndiyo siku ya kuingia vitani. Tangazo linakuja mwisho. Tafuteni nyuma, waliponyamaza pale walipopaswa kusema.

Nilifika hapo kwenye sentensi hiyo, na chaki ikanivunjikia mkononi. Wasichana arobaini wananitazama. Niliwaambia wasome kimya, nikageukia ubao nikaufuta, kisha nikaendelea kufuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

Mume wangu nilimwambia jioni hiyo hiyo. Sikuweza kubeba peke yangu. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Aliketi kwenye benchi nje, akavua buti zake za shambani, akakaa nazo mapajani kama mtu anayesahau zinavaliwa wapi.

Jumapili iliyofuata mama mmoja jirani, ambaye shamba lake linapakana na letu, aliniuliza baada ya ibada, "Na kijana yuko wapi siku hizi?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Yuko mashindano Ulaya." Basi. Uongo ulikuwa umezaliwa, mnene, wa afya. Niliona haya. Niliogopa watasema, mwalimu wa historia mwenyewe, anafundisha watoto wetu kuhusu vita na wake amempeleka. Kwa hivyo kila Jumapili niliulisha uongo wangu. Yuko kampi kubwa. Anaendelea vizuri. Huko simu ni ngumu. Watu wakafurahi nami, na wifi akaniambia anaombea amalize hata moja.

Huku nyuma nilikuwa nahangaika. Nilienda Nairobi mara tatu, nikakaa kwenye viti vya ofisi za watu nikishika picha yake ya pasipoti. Wengine walikuwa wema, wengine walikuwa wanatafuta kalamu. Nilijifunza kutolia mpaka nifike nje. Miezi mitano hatukusikia sauti yake, na sitaeleza miezi hiyo. Aliyewahi kungoja anaijua, na ambaye hajawahi, asijue.

Halafu asubuhi moja, mume wangu akipima maziwa ya kupeleka kwenye mtambo wa kupozea, simu ikalia. Mtu wa ubalozi. Kijana ameumia mguu kwa baridi, alilazwa, akatoka hospitali akakimbilia ubalozini badala ya kurudishwa mstari wa mbele. Wanamtengenezea karatasi za kusafiria. Yuko hai. Nilimwuliza yule bwana arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie mara ya tatu, na Mungu ambariki alipo, akarudia polepole kama anayetoa imla. Mume wangu alikuwa amemwaga maziwa yote ya asubuhi miguuni kwake na hakuwa ameona.

Sasa turudi pale kiwanjani, na vibuyu.

Abiria walianza kutoka. Kwaya ikaanza wimbo wa kushukuru. Nikamwona. Alikuwa amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa, amevaa koti la mtu mwingine, anachechemea. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimebaki huko kwenye theluji, hilo tulikuwa tumeambiwa. Aliona umati, aliona vibuyu, akasimama. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Wifi yangu alikuwa ameshamfikia. Alimvika shada kabla hajasema neno, akafungua kifuniko, akainua kibuyu mpaka midomoni kwake. "Kunywa, shujaa wetu! Kunywa!"

Akarudi nyuma hatua moja. "Senge, usinipe."

"Kwa nini nisikupe?"

"Sikuwa mbio. Nilikuwa vitani."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini waliokuwa mbele walisikia, na ukimya ukatembea kutoka kwao hadi nyuma kwenye pikipiki. Kwaya iliacha sauti moja baada ya nyingine. Besi ndiyo iliyochelewa kunyamaza. Nilianza kusukuma watu nipite. Nakiri kwamba nilikuwa naogopa zaidi macho ya watu kuliko kitu kingine.

Wifi yangu hakupiga kelele. Alimtazama mwanangu kama anavyomtazama ndama aliyezaliwa vibaya, kwa makini, bila huzuni. Kisha akamwuliza swali ambalo mimi, kwa siku zote za furaha ya kungoja, nilikuwa nimekataa kuliwaza.

"Ulimwaga damu ya mtu?"

"Sijui, Senge," akasema. "Walituambia tupige risasi huko kwa miti. Tukapiga kwa miti. Sijui nani alikuwa kwa miti."

Wifi akarudisha kifuniko kwenye kibuyu, taratibu. Akamvua kijana lile shada shingoni, akalishika mkononi. "Basi utakaa kando siku nne, mtoto wangu," akasema, "halafu utakuja nyumbani." Alisema kama mwanamke anayepanga viti vya wageni.

"Siku nne?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. "Siku nne za nini? Miezi saba nimengoja! Ni mtoto wangu, nitamshika sasa hivi!"

"Mwalimu," wifi akaniambia, "hata sisi tumengojea. Tulingojea kitu kingine tu, kwa sababu wewe ndiye ulituambia tungojee nini."

Hapo nilikwisha. Nikawageukia wale watu wote, leso na matawi na vibuyu, nikasema, "Nilidanganya. Hakuna mashindano. Alidanganywa kazi ya lori, akapewa bunduki, nami niliona haya kuwaambia." Nilipomaliza nilipumua kama mtu aliyevua viatu vya kubana baada ya harusi ndefu. Nilikuwa nimeogopa watanitemea mate. Walichofanya ni kuanza kukunja leso zao, na mzee mmoja wa kwaya akaniambia, "Basi Mwalimu, angalau tulikuja. Amekuja akakuta watu."

Mama jirani, yule aliyeniuliza mara ya kwanza, alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. "Wangu ana viza ya huko huko," akanong'ona. "Ajenti ni yule yule wa koti, alijisifu kwamba wako alipitia kwake. Anaondoka Jumatatu. Nilimruhusu kwa sababu ulisema wako anaendelea vizuri."

Sijawahi kuhisi baridi kama ile juani.

Chini ya shamba letu kuna kijito, na kando yake kibanda tulichokuwa tukiwekea ndama. Mume wangu alikifagia, akatandika nyasi na blanketi mbili. Huko ndiko mwanangu alikaa. Masharti ya kumtakasa mtu aliyetoka vitani yalitoka kwa wifi, na mpaka leo sijui yapi yalikuwa ya mababu na yapi alijitungia njiani kutoka Chepsaita. Aoge kijitoni kila asubuhi. Ale uji na nyama ya mbuzi, asiguse maziwa. Baba yake apeleke chakula. Mama asimshike mpaka siku zitimie.

Niliita mchungaji. Nilitaka aje akemee hayo mambo, kijana aje alale kwenye kitanda chake kama Mkristo. Mchungaji alikuja, akateremka mpaka kwenye uzio, akaketi juu ya ndoo na akazungumza na mwanangu karibu saa nzima. Walisali pamoja, mmoja ndani ya uzio na mwingine nje. Aliporudi nilimwambia, "Sasa?"

"Siku nne si nyingi," akasema. "Hata mimi nikitoka safari ndefu naoga kwanza ndipo nasalimia watoto." Akanywa chai yangu yote akaenda.

Basi nikabaki na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukijua mara moja, kwa sababu nilikuwa sijakihisi kwa muda mrefu. Ilikuwa raha. Nikifua nguo naona moshi wake. Nikianika, namsikia akikohoa. Ningeweza kuita jina lake na angejibu. Siku ya pili niliita mara nyingi bila sababu, mpaka akaniambia, "Mama, niko. Siendi popote na huu mguu."

Siku hiyo ya pili kijana wa jirani aliteremka kijitoni na bahasha yake ya ajenti. Mama yake alibaki juu nami, tumeshikana. Hatukusikia walichoongea. Tulimwona mwanangu akivua kiatu na soksi, akaweka mguu juu ya gogo ili mwenzake auone. Kijana alipanda tena kilima bila bahasha. Alikuwa ameiacha ichochee moto chini ya sufuria ya uji. Mama yake aliketi chini kwenye nyasi akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye, tukawa tunafutana machozi kwa aproni yangu moja.

Siku ya tatu niliteremka na vitabu vya wanafunzi nikajifanya nakuja kusahihisha mahali penye kivuli. Nilikaa kwenye mtungi wa plastiki upande wangu wa uzio. Alikuwa anachonga kijiti. Alinieleza kidogo kidogo, bila kunitazama. Baridi. Mikate migumu. Lugha wasiyoijua, na mtu wa kupiga kelele. Miti. Alikuwa akilenga juu kadiri alivyothubutu, lakini mikono ilikuwa imeganda, na mtu mwenye mikono iliyoganda hajui alilenga wapi.

"Nisamehe," nikamwambia. "Ile jioni mezani, nilisema sina upande."

"Hata ungenikataza ningeenda tu, Mama. Unanijua."

"Najua."

Akachonga kidogo. "Ila kule nilikuwa nakumbuka maneno ya Baba kila siku. Nilikuwa nayasema kwa roho nikichimba handaki. Nchi yenye vita haitafuti madereva Kapseret kwa sababu ya upendo. Yalikuwa yananipa joto, sijui kwa nini. Nikitafuta yako, sikuwa na kitu cha kukumbuka."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliingia mpaka mfupani. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi na kitabu cha msichana mmoja magotini, swali la sababu tano, na sikuona hata herufi. Miaka yote hiyo niliwafundisha watoto wa watu kutafuta mahali pa kunyamaza, na kwangu pa kunyamaza palikuwa mezani, kati ya sufuria ya mboga na birika la chai.

Siku ya nne ilikuwa Jumatatu, siku ambayo mtoto wa jirani angepanda ndege. Wifi alifika mapema na kibuyu. Mwanangu alioga kijitoni mara ya mwisho, akavaa shati lake la zamani lililomning'inia, akapanda kilima akichechemea, baba yake nyuma yake akibeba blanketi. Walipofika mlango wa jikoni, wifi alikuwa amesimama kizingitini, amejaza mlango wote.

"Huyu anataka kuingia," akasema kwa sauti ya mkutano. "Nani yuko upande wake?"

"Mimi," mume wangu akasema.

Wifi hakusogea. Alinigeukia. Sijui kama mume wangu alimweleza ya ile jioni, au kijana ndiye aliyemweleza, au alikuwa anafanya tu kama afanyavyo kwa kila mtu. Alinitazama, na mwanangu alinitazama vile vile alivyonitazama mezani, kama anayengoja. Nilisikia kuku, nilisikia pikipiki huko barabarani.

"Mimi niko upande wake," nikasema. Nikaona haitoshi. "Hata kama kulikuwa na mtu kwa miti. Kama alikuwepo, tutamlilia na mama yake tutamwombea, lakini huyu ni wangu na niko upande wake. Na usiende tena, unanisikia? Nakukataza. Nakukataza mbele ya shangazi yako!"

"Nimesikia, Mama," akasema.

Wifi akapisha. Nilimshika mwanangu. Alikuwa mifupa na sabuni ya kipande. Nililia mpaka shati lake likalowa begani, naye akanipigapiga mgongoni kama mimi ndiye niliyekuwa nimepotea. Mume wangu alisimama pale na blanketi zake mbili, hakuziweka chini, machozi yakimshuka hadi kidevuni bila haya yoyote.

Kisha wifi akafungua kibuyu na mwanangu akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu. Alipoteremsha, mdomo wake wa juu ulikuwa na masharubu ya mkaa, na uso wake ukajikunja.

"Senge, hii imekaa sana."

"Ni ile ya Alhamisi. Wewe ndiye umechelewa."

Alicheka. Kicheko kile cha zamani, kabla hakijaanza kupungua. Nilikisikia nikashika meza.

Huko nje watu walikuwa wameanza kukusanyika getini, mama jirani na mtoto wake aliyebaki, watu wa kwaya wawili watatu, mzee wa besi. Wifi alichungulia dirishani, akafuta mikono kwenye leso, na nikaona ule uchokozi wake wa siku zote umerudi usoni.

"Haya, kuna watu kwa geti," akasema. "Mama yako aliwaambia ulikuwa mbio. Niwaambie ulishika namba ngapi?"

Mwanangu aliangalia mguu wake wa kushoto ndani ya ndara.

"Waambie sina namba," akasema. "Waambie hii nimemaliza."

Wifi alitaka kwenda, nikamzuia. Nilijifunga leso vizuri, nikaenda getini mwenyewe kuwaambia.